Injini ya kupoozwa na maji kwenye kwadi: nichukue pampu gani?

"Salaam fundi. Nina kwadi, pikipiki ya magurudumu manne, ya kukodisha wageni ufuoni huku Shanzu, Mombasa, ilikuwa na injini ya 200cc ya kupoozwa na upepo ikafa kabisa mwezi wa pili. Nimepata injini nyingine ya 250cc ya kupoozwa na maji, used, ya pikipiki, mlio wake mzuri lakini kifuniko cha pampu ya maji kimepasuka na chavuja. Rejeta nataka kuiweka nyuma kwa keria ili mchanga usiizibe. Fundi wa kwanza kaniambia nitupe hiyo pampu niweke ile ya umeme ya boti, ya kutoa maji. Wa pili asema niweke ya Probox ndo ina nguvu ya kupandisha maji mpaka kwa rejeta. Kijana mwingine kanionesha pampu ya tangi la samaki, bei rahisi. Na wote waniambia themostati, ile vali ya joto kwenye njia ya maji, nitoe. Nimechanganyikiwa, nisije nikaua na hii ya pili. Nichukue pampu gani?"

Waalaikum salaam ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na naelewa kinachokusumbua, injini moja ishakwenda, pesa zingine zishatoka, na sasa kila fundi akija ana pampu yake mkononi. Nitakwambia langu kwanza halafu nieleze kwa nini: usitupe pampu ya injini. Tengeneza hiyo hiyo iliyopasuka kama yatengenezeka, na ikishindikana kabisa ndo twende kwa ya umeme, lakini sio hizo tatu ulizoambiwa, hata moja.

Tuanze na kazi ya pampu yenyewe maana hapa ndo watu hupotezana. Petroli ikiungua ndani ya silinda, kwa makadirio ya kawaida theluthi moja hivi ya nguvu yake ndo huzungusha injini, theluthi nyingine yatoka na moshi kwa ekzosi, na theluthi iliyobaki yaingia kwenye chuma na lazima iondolewe na maji. Kwa hivyo injini yako ikitoa kilowati 12 pale mtu amevuta mafuta yote, chukulia kuna kilowati zingine 12 za joto zatafuta pa kutokea. Hizo ni birika sita za umeme za wati 2,000 zimewashwa pamoja ndani ya kile kichuma unachoweza kukibeba kwa mikono miwili. Sasa lita moja ya maji ikipanda joto digrii moja imebeba kilojuli 4.2. Ukitaka maji yaingie kwa injini na yatoke yakiwa yamepanda digrii 10 tu, ambayo ndo hali nzuri, hesabu yake yakuja kama lita 17 kwa dakika. Ukichanganya kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu, na lazima uchanganye nitafika huko, mchanganyiko hubeba joto kidogo kuliko maji matupu, basi weka lita 19 au 20.

Sasa chukua pampu inayopitisha lita 5 tu kwa dakika, joto ni lile lile. Maji yatapanda digrii 34 njiani, yaani yaingia yakiwa 75 yatoka yashafika 109, na pale karibu na vali ya ekzosi ambapo chuma ni cha moto zaidi yanaanza kutoa mvuke kabla hata hayajatoka. Mvuke haubebi joto kama maji yanayogusa chuma, ukitokea hapo chuma chabaki peke yake, hedi, kile kichwa cha juu ya silinda, yajipinda, gasketi yaondoka. Geji huenda hata isikuambie, maana sensa yake husoma vizuri ikiwa imezama ndani ya maji, ikikaa kwenye hewa au mvuke yaweza kuonesha mambo ni salama na injini inakufa.

Hili la "kupandisha maji mpaka kwa rejeta" ndo linalouza mapampu makubwa yasiyo na kazi. Umewahi kuona kisima cha kapi chenye ndoo mbili, moja ikishuka nyingine yapanda? Uzito wa ile inayoshuka wasaidia ile inayopanda, mkono wako wafanya kazi ya kushinda msuguano tu. Mfumo wa kupooza injini ni duara lililofungwa na limejaa maji, yale yanayopanda kwenda kwa rejeta yasawazishwa na yale yanayoshuka kurudi, kwa hivyo rejeta iwe juu ya keria au chini ya taa, pampu haibebi uzito huo. Inachopambana nacho ni msuguano ndani ya mipira, rejeta na vijia vya injini. Na msuguano huo wategemea upana wa mpira kuliko kitu chochote, ukipunguza mpira kutoka milimita 19 ndani mpaka 13 kwa sababu ndo uliokuwepo dukani, ukinzani waongezeka zaidi ya mara sita kwa mtiririko ule ule. Nakusihi hapo usibane pesa. Rejeta yako iko nyuma, mipira yako ni mirefu, tumia ya milimita 19 au kama mdomo wa injini ulivyo, na safari ile ndefu chini ya kiti tumia bomba la aluminiamu au la stenles, mpira uwe tu kwenye viungo.

Pampu ya Probox basi tuiache, ile yazungushwa na belti ya injini ya gari, kwenye kwadi utaizungusha na nini? Ya tangi la samaki nayo haikutengenezwa kwa maji ya moto, plastiki yake yalegea na gundi yake yaachia, hata kama ingekuwa na nguvu. Ya boti ndo inayodanganya watu wengi hapa Mombasa kwa sababu yapatikana kirahisi na kwenye boksi imeandikwa namba kubwa, galoni 500 kwa saa za Kimarekani ni kama lita 31 kwa dakika, ukisikia hivyo waona umepata. Lakini namba hiyo imepimwa ikitoa maji bure bila kizuizi, na pampu yenyewe imetengenezwa ikae imezama kwenye maji baridi chini ya boti, sio kusukuma maji ya digrii 95 kwenye mfumo wenye presha. Nilishaletewa kwadi moja kutoka Mtwapa imefungwa pampu ya aina hiyo, wikiendi ya kwanza ilifanya kazi vizuri mwenyewe akafurahi, ya pili kifuniko cha plastiki kikafunguka kwenye jointi maji yote yakamwagika mchangani, aliyekuwa akiendesha hakujua mpaka injini ikajifunga. Tuliifungua pistoni imeshikana na silinda. Sikutaka kuona tena.

Haya, turudi kwa pampu yako. Ile ya injini ina sifa moja ambayo pampu ya umeme ya bei ndogo haina, yaenda na mzunguko wa injini. Mgeni akizama kwenye mchanga laini akavuta mafuta mpaka mwisho, joto lapanda na pampu nayo yakimbia saa hiyo hiyo, hakuna waya wala rilei (swichi inayowashwa na umeme) wala mtu wa kukumbuka kuwasha. Waliochora injini hiyo walishapiga hesabu ya lita kwa niaba yako. Kwa hivyo kwanza fungua kile kifuniko uangalie ufa uko wapi. Kama ni kifuniko tu, kwa injini nyingi za Kichina za 250 vifuniko hivyo huuzwa peke yake, nenda na cha zamani mkononi usiende na picha ya simu, mashimo ya bolti na mdomo wa mpira hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine hata zikifanana kwa macho. Usipokipata, mtu anayejua kuchomelea aluminiamu kwa gesi ya agoni anaweza kukiziba, lakini baada ya kuchomelea lazima uso wake usawazishwe kwa fundi wa leti mashini, joto hukipinda na gasketi haitakaa. Gundi ya chuma ni ya kukufikisha nyumbani, sio ya kukodisha wageni.

Ukishafungua, badilisha na sili zote mbili hapo hapo, ya maji na ya oili, ni vitu vidogo na ushaifungua tayari. Shika impela, ile pangaboi ndogo inayosukuma maji, uitikise, ikicheza basi shafti au beringi imekwisha. Halafu tafuta katundu kadogo chini ya nyumba ya pampu, kale usikazibe hata siku moja, maana kapo makusudi kati ya sili ya maji na ya oili, sili ya maji ikichoka kulanti yatonya nje hapo ukaiona, ukikaziba itapita kuingia kwa oili. Nimeona mafundi wengi wakikaweka gundi wakidhani wamezuia leki, na injini baadaye oili yake yageuka rangi ya chai ya maziwa.

Sasa tuseme imeshindikana, nyumba yenyewe imepasuka kwenye injini au shafti imeliwa. Hapo pampu ya umeme ni njia halali kabisa, Toyota wenyewe kwenye gari lao la Prius la kuanzia 2009 injini haina belti na pampu yake ya maji ni ya umeme, kwa hivyo asikwambie mtu kwamba umeme ni ubahatishaji. Ubahatishaji ni kuchagua ovyo. Angalia ilitengenezwa kwa kulanti ya moto ya gari, na kwamba inaruhusiwa kuzunguka mfululizo saa nzima. Kwa hali yetu hapa sehemu mbili za kutafuta ni, moja, pampu ndogo za ziada za magari ya haibridi (ya petroli na umeme) ya eksi-Japan zinazopooza inveta, kile kifaa cha umeme wa mota, au zile zinazozungusha maji ya hita kwenye magari ya Ulaya, Bosch hutengeneza nyingi. Mbili ni mpya za kuagiza, Davies Craig wa Australia wana ndogo yao EBP15 ya lita 15 kwa dakika na wana kubwa EWP80 ya lita 80.

Kwa hizo za haibridi hesabu waya kabla hujalipa. Yenye waya mbili yaenda moja kwa moja kwa volti 12. Yenye waya tatu au nne kwa kawaida yataka ishara kutoka kwa kompyuta ya gari, ukiipa umeme mtupu huenda isizunguke kabisa au izunguke vile itakavyo yenyewe. Na kwa sababu ni used, pima mbele ya muuzaji, wala haihitaji mashine: ndoo ya maji, betri, mpira ule ule utakaotumia, na galoni ya lita 5. Ikijaza galoni kwa sekunde 15 hiyo ni lita 20 kwa dakika, sekunde 20 ni lita 15, ikipita sekunde 25, yaani chini ya lita 12, muachie pampu yake. Halafu ukifika nyumbani ifunge na rejeta na injini ndani ya mzunguko, pima tena, na ukiona imeshuka usishangae maana ule msuguano ndo huo sasa. Mimi kwa kazi yako nataka nione lita 12 na kuendelea baada ya kila kitu kufungwa. Mbona sio 20 kama hesabu ya juu? Kwa sababu ile 20 ni mafuta yote wazi mfululizo, na mgeni ufuoni huvuta na kuachia, wastani wake ni kama nusu ya hapo, lakini hiyo 12 ndo mwisho, usishuke chini yake.

Wengi watakwambia basi chukua EWP80 umalize. Hapa ndo yaingia koili ya chaji, ile inayozalisha umeme wa kwadi. Kwadi ya ukubwa huu mara nyingi yatoa wati 150 hadi 200 injini ikikimbia, na ikinguruma tu bila kuvutwa yashuka sana. EWP80 ikizunguka mwendo kamili yala karibu wati 90, feni ya rejeta nayo wati 80 hivi, taa mbili 70, hapo ushapita na betri ndo inayolipa tofauti mpaka iishe, na ikiisha pampu inakufa nayo. Pampu ndogo yala ampia 1.5 mpaka 3, hiyo injini yako yaibeba. Thibitisha na maltimita: injini ikinguruma, pampu, feni na taa zote zimewaka, betri isome volti 13 kwenda juu. Ikisoma 12.4 na inashuka, weka taa za LED kwanza.

Ifunge chini kuliko kila kitu, kwenye mpira unaotoka chini ya rejeta ambako maji yashapoa, isukume kuingia kwa injini, mdomo wa kutolea uelekee juu ili hewa itoke. Pampu hizi haziwezi kuvuta hewa, ikiingia hewa kwenye impela yazunguka tu kama pangaboi. Impela ya zamani ya injini itoe na tundu la shafti lizibwe vizuri kwa kibati na gasketi, usiiache ikizunguka kavu kwenye sili. Umeme upitie rilei na fyuzi yake, viungo vichomwe lehemu na vivikwe mpira wa kubana kwa moto, kwa hewa yetu ya chumvi waya wa kupinda na kufunga tepu wageuka kijani ndani ya miezi michache. Na weka kengele ya joto inayolia, pampu ya umeme ikifa haipigi kelele wala haitoi dalili, mteja wako yuko mita mia tano huko afurahia bahari.

Themostati usitoe. Hoja yao ni kwamba maji yatakimbia na kupooza zaidi, na utawasikia hao hao kesho wakisema maji yakikimbia sana hayapati muda wa kupoa kwa rejeta, hayo mawili yapingana. Ukweli ni kwamba maji yakipita kwa kasi zaidi joto huondoka zaidi, sio kidogo. Shida ya kuitoa ni nyingine: injini yakaa baridi muda mrefu, petroli yaosha oili kwenye kuta za silinda, na kwa injini zenye njia ya pembeni ya maji, themostati ndo huifunga ikishapata joto, ukiitoa maji mengi yakata njia hiyo fupi bila kupita kwa rejeta na unachemsha ukiwa umeitoa ili usichemshe. Ichemshe kwenye sufuria ukiwa na kipimajoto, ikifunguka karibu na digrii zilizoandikwa juu yake, irudishe. Kwa pampu ya umeme inayozunguka wakati wote hakikisha tu hiyo njia ya pembeni ipo, kama haipo toboa themostati katundu ka milimita 3.

Lakini ndugu yangu, kitu ambacho hukuniuliza ndo kinanitia wasiwasi zaidi. Rejeta nyuma ya keria, mgongoni mwa mtu, haipati upepo. Na mchanga ni kama mlima, injini yafanya kazi nzito na kwadi yatembea kilomita 15 kwa saa, mwezi wa pili na wa tatu hewa yenyewe yafika digrii 32 au 33. Hapo pampu iwe ya dhahabu haikusaidii kama feni haivuti. Nunua feni ya kufunika karibu rejeta yote, iwe na kava ili ivute hewa kupitia matundu yote na sio pale katikati tu, swichi yake iwashe kama digrii 95 na kuzima 88. Acha nafasi ya kutosha mbele hewa safi iingie, na hewa ya moto isimpige dereva mgongoni. Kifuniko cha rejeta cha presha kiwe kizima, chenye presha ya bar 1.1 chasogeza kuchemka kwa maji mpaka kama digrii 121 badala ya 100 ya huku kwetu usawa wa bahari, kikilegea umepoteza digrii 20 za usalama kwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Na maji ya kisima usitie. Visima vingi vya kwetu vina chumvi na chumvi yala aluminiamu kutoka ndani, huioni mpaka rejeta itoboke. Kulanti iliyochanganywa tayari, au kulanti na maji ya betri yale yaliyosafishwa ambayo hayajatiwa asidi. Iweke mbali na watoto na paka, ni tamu na ni sumu.

Siku ya kuwasha, inua sehemu yenye kifuniko iwe juu kuliko zote, jaza polepole ukiminya mipira kwa mkono, washa ukiwa umeacha wazi mpaka mapovu yaishe na themostati ifunguke, mpira wa juu utasikia wapata moto ghafla. Funga, zima, iache ipoe kabisa, ongeza. Rudia hivyo mara tatu kabla ya mgeni kukaa juu yake, kisha uipeleke wewe mwenyewe mchangani dakika 20.

Kama baada ya hapo mapovu hayaishi kwenye rejeta, au mipira inakuwa migumu kama jiwe dakika ya kwanza injini bado baridi, au oili imebadilika rangi, au moshi mweupe wenye harufu tamu, usinunue pampu nyingine. Hiyo ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe, mwenyewe wa kwanza wa injini hii huenda aliichemsha ndo maana ukauziwa. Ipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kupima presha ya silinda na ya rejeta, akupimie ukiwa umesimama hapo uone mshale kwa macho yako, na uso wa hedi upimwe kwa rula ya chuma. Usikubali ikazwe bolti tu urudishiwe.